Nani Apige Hodi? Fani ya Usajili Nyuma ya Lango

Ukiuliza njia ya Kapolowe, nawe utaulizwa: Kapolowe ya Gare ao ya Mission? Jina ni moja, mahali ni pawili, na mgeni asiyejua hilo hushuka pasipo pake. Swali hilo la anwani nalipeleka kwenye matini ambayo wahakiki hawana desturi ya kuigusa: mafaili ya usanidi wa Bareos, programu huria ya kuhifadhi nakala rudufu iliyotokana na Bacula mwaka 2010. Tuseme ofisi moja ya Kapolowe ina kompyuta tatu, zote nyuma ya modemu moja ya simu, na seva inayotunza nakala zake inahamishwa kutoka Likasi kwenda Lubumbashi. Kompyuta hizo zitasajiliwaje upya? Jibu limo katika fani ya maandishi yenyewe.

Tuanze na umbo. Kila anayetajwa katika mafaili haya amepewa ubeti wake, uliofungwa kwa mabano yaliyopinda. Kila mshororo una vipande viwili vinavyotenganishwa na alama ya sawasawa: ukwapi unataja jambo, utao unalijibu. Jina, nenosiri, anwani. Lakini hakuna ubeti unaojitosheleza. Mkurugenzi, yaani ile sehemu ya seva inayopanga kazi, ana ubeti unaomhusu mteja. Mteja, yaani kila kompyuta kule Kapolowe, ana ubeti unaomhusu Mkurugenzi. Ni kujibizana kwa malenga wawili wasioonana, na nenosiri ndicho kina chao. Utao wa huku na utao wa kule usipolingana herufi kwa herufi, hawaelewani kamwe.

Sasa kauli. Katika umbo lake la kawaida, Mkurugenzi ndiye anayeita. Mteja hukaa akisikiliza kwenye mlango namba 9102 mpaka aitwe. Umbo hilo linafaa pale ambapo kila nyumba inaonekana barabarani. Kompyuta zetu tatu hazionekani. Anwani zao zinaanza na 192.168, miongoni mwa zile zilizotengwa kwa matumizi ya ndani tu, na ofisi zisizohesabika duniani zinatumia zizo hizo. Mara nyingi hata modemu yenyewe, ambayo ndiyo lango lao, iko nyuma ya lango la pili, la kampuni ya simu. Mwaka 2012 zilitengwa anwani maalumu, kuanzia 100.64, kwa ajili ya malango ya namna hiyo. Lango humwacha wa ndani atoke, likakumbuka alikokwenda ili jibu lake lipite. Anayetoka nje na kufika bila kutarajiwa, lango halijui limpeleke kwa nani. Mkurugenzi ataita usiku kucha asiitikiwe.

Toleo la 16.2 lilileta mshororo mmoja uliogeuza kauli: Connection From Client To Director. Ukikubaliwa pande zote mbili, kama kibwagizo, mteja ndiye anayepiga hodi. Anatoka langoni, anafika mlango namba 9101 wa Mkurugenzi na kutaja jina lake. Mkurugenzi analitafuta katika beti zake, wanathibitishana nenosiri, na mawasiliano yanaachwa wazi hadi kazi ipatikane. Hapa ndipo ninapoiona sanaa. Ratiba, na uamuzi wa mafaili gani yanakiliwe, vyote vimebaki kwa Mkurugenzi. Mshororo mmoja umetenganisha mambo mawili tuliyozoea kuyaona yakienda pamoja: kuanza mazungumzo na kuyaongoza. Na kwa kuwa lango husahau muunganisho uliokaa kimya, upo mshororo mwingine wa mapigo, unaohesabiwa kwa sekunde. Hiyo ndiyo mizani ya shairi hili: pigo baada ya pigo, ili lango lisimsahau aliyetoka.

Kuhama kwa seva ndiko kunakopima usomaji wetu. Katika kauli ya kwanza, ubeti wa mteja haukuhitaji anwani ya Mkurugenzi. Jina na nenosiri vilitosha. Seva iliyohama na mafaili yake ilihama na orodha nzima ya watu wa kuwaita. Kauli ikigeuka, anwani nayo huhamia upande wa pili: sasa imeandikwa Kapolowe, mara tatu, katika kompyuta tatu. Kama utao wake ni tarakimu za seva ya Likasi, siku seva hiyo itakapozimwa wateja wote watatu wataendelea kubisha kwenye nyumba tupu, na itabidi mtu asafiri akawarekebishe mmoja mmoja. Kama utao ni jina la kikoa, badiliko moja kwenye rejista ya majina litawafikisha wote Lubumbashi, mradi Mkurugenzi mpya abaki na jina na nenosiri la yule wa zamani.

Bado yupo msemaji wa tatu: ghala linalopokea nakala kwenye mlango namba 9103. Mkurugenzi humpa mteja anwani ya ghala kama yeye mwenyewe alivyoiandika. Fundi aliyeandika 192.168.1.20, kwa kuwa ghala liko chumba cha jirani huko Lubumbashi, amemtuma mteja wa Kapolowe akaitafute namba hiyo ndani ya ofisi yake mwenyewe. Jina la mteja litaonekana kwenye orodha ya wanaosubiri kazi, usajili utadhaniwa umekamilika, na hakuna faili litakalofika. Ameelekezwa Gare, mzigo unapokelewa Mission. Dawa yake ni mshororo wa Lan Address, ulioongezwa baadaye: anwani moja ya majirani, nyingine ya walio mbali.

Fani hii naisifu kwa ufupi wake, na nailaumu kwa kimya chake. Mshororo wa kauli usipoandikwa, ukimya husomwa kwamba Mkurugenzi ndiye aite. Kimya hicho kinamfaa aliye kwenye mtandao mmoja na seva. Aliye nyuma ya lango hana budi kuandikwa waziwazi. Ndiyo maana nashauri kwamba kabla ya kung'oa waya wowote Likasi, lisomwe kwanza faili fupi la mteja, si lile refu la seva, na utao wa anwani uhakikishwe kuwa ni jina. Seva mpya ikishawaka, orodha isituridhishe. Faili moja lirudishwe kutoka ghalani mpaka kwenye kompyuta ya Kapolowe, lifunguliwe. Likisomeka, ndipo hodi imeitikiwa.