Kichujio Mbele ya Lenzi: Kulitazama Jua kwa Darubini Ndogo

Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa namna ya pete na watu wakakusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia mwezi ukiingia katikati ya jua na kuacha duara jembamba la nuru pembezoni, wakazi wa Lukole, wilayani Ngara, walio mbali na njia ya pete hiyo upande wa kaskazini-magharibi, waliona jua lililomegwa tu; walakini hadhari iliyowapasa hawa na wale ilikuwa moja, kwa kuwa katika kupatwa kwa pete hakuna hata nukta moja ambapo kichujio chaweza kuondolewa.

Aliyevaa miwani maalumu ya kutazamia jua alisalimika maadamu hakutumia chombo kingine. Lakini kuivaa miwani hiyo na kisha kuinamia darubini ni kujitafutia upofu, na sababu yake ni ya hesabu. Darubini yenye lenzi ya milimita 60 hukusanya nuru mara 900 kupita mboni iliyojifinya hadi milimita 2 mchana wa jua kali; na iwapo urefu wake wa fokasi ni milimita 700, nuru yote hiyo hukutana nyuma katika taswira yenye upana wa milimita sita na nusu, yaani haizidi punje ya mahindi. Chochote kitakachowekwa upande huo, kiwe miwani au kioo cheusi, hupokea joto lililokwisha kukusanywa.

Hapa ndipo ninapowalaumu watengenezaji wa zamani, ambao aghalabu walitia katika sanduku la darubini ndogo kijioo cheusi cha kuskurubiwa kwenye lenzi ya kutazamia, eti ndicho kichujio cha jua. Kijioo hicho huweza kupasuka ghafla kwa joto jicho likiwa nyuma yake, na kwa vile utando wa retina hauna hisia ya maumivu, mtazamaji huenda asitambue madhara mpaka baada ya saa kadhaa. Dawa yake ni kukivunja na kukitupa, maana kukihifadhi kabatini ni kumtegea mtoto atakayekikuta.

Kichujio cha haki hufunika mdomo mzima wa darubini, mbele ya lenzi kubwa, na huruhusu sehemu 1 tu katika 100,000 ya nuru ipite kabla haijakusanywa. Kilicho rahisi ni cha utando mwembamba uliopakwa madini, unaofungwa katika pete ya karatasi ngumu bila kuvutwa, kwani mikunjo midogo haidhuru. Tundu la sindano ndilo linalodhuru, na kwa hiyo kabla ya kila matumizi utando hukaguliwa mbele ya taa kali. Kisha pete hugandishwa kwa utepe ili upepo wa vilima vya Ngara usiing'oe, na kidarubini cha kulengea huzibwa au hutolewa kabisa, maana nacho chaweza kuunguza jicho, na hata nywele. Kulenga hufanywa kwa kivuli: bomba huzungushwa polepole hadi kivuli chake ardhini kiwe kidogo kuliko vyote, na hapo jua huwa limeingia. Lukole, iliyo karibu na ikweta, jua hupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, nalo bomba likisimama wima miguu ya kigoda kinachobeba darubini hulizuia; heri kutazama asubuhi.

Wengine hudhani kwamba jua jekundu la jioni ya kiangazi, lililofunikwa na moshi wa mbuga zinazochomwa, halihitaji kichujio. Moshi hupunguza mng'ao unaoonekana, bali miale ya joto isiyoonekana hupenya, na kwa darubini hiyo yatosha kudhuru.

Penye watoto wengi mimi hupendelea kuiangusha taswira juu ya karatasi nyeupe, ambapo madoa ya jua huonwa na wote kwa pamoja, mradi mtu mzima asimame kando ya darubini asiruhusu yeyote kuchungulia.

Vichujio vya mwezi ni jambo jingine, kwani nuru ya mwezi mpevu ni kama sehemu 1 katika 400,000 ya nuru ya jua. Hivyo huweza kuskurubiwa nyuma bila hofu, kwa raha ya jicho tu. Vile vya rangi kwa ajili ya sayari, katika lenzi ya milimita 60, huzidisha giza kuliko faida. Cha manjano hafifu nakikubali, chekundu sikioni maana.