Kulijua Kasha Lisilovuma

Kasha la kompyuta lililoundwa nyumbani huhukumiwa kwa sikio kabla ya jicho. Mwombe mwenye nalo aiwashe mashine usiku, mtaa ukishatulia na friji ikiwa imezimwa, kisha simama hatua tatu kando usikilize. Acha kwanza suala la wingi wa kelele. Tafuta aina yake.

Kelele nzuri, kama tunakubaliana kwamba ipo kelele nzuri, ni ile ya pumzi: hewa inapita kwa mshindo laini usio na noti, na baada ya dakika chache sikio linauzoea na kuusahau. Mbaya ni ile yenye noti, mvumo wa sauti moja unaokufuata hadi chumba cha pili hata ukiwa mdogo. Mvumo huo una hesabu yake. Feni ya mapanga 7 inayozunguka mara 1,200 kwa dakika inazunguka mara 20 kwa sekunde. Kila panga likipita mbele ya kizuizi, hewa inapigwa. Hayo ni mapigo 140 kwa sekunde, na sikio linayasikia kama noti nzito ya hezi 140. Ukisikia mvumo wenyewe unapanda na kushuka, wuu, wuu, wuu, jua kuna feni mbili ambazo kasi zao zinakaribiana bila kulingana. Moja ikienda 1,200 na mwenzake 1,170, mivumo yao inapishana kwa hezi tatu na nusu, na hayo ndiyo mawimbi unayoweza kuyahesabu ukiwa umelala kitandani. Fundi makini huziachanisha kasi hizo kabisa, moja 1,200 na nyingine 900, habari ikaisha.

Kuna pia mlio mwembamba kama wa mbu unaobadilika kila picha inapobadilika kwenye skrini. Kwa huo usiilaumu feni yoyote. Unatoka kwenye koili za kadi ya grafiki au za pawasaplai, na hakuna feni ya bei yoyote itakayouondoa.

Sasa sogea utazame matundu, maana kazi yote iko hapo. Chukua kasha la bati la kawaida, lile la ofisini lililokuja na mtumba, uligeuze nyuma. Pale feni ilipofungwa, kiwanda hakikukata tundu. Kimetoboa vitundu vidogo vidogo, na kati ya kitundu na kitundu kuna bati pana karibu sawa na kitundu chenyewe. Feni imebanwa moja kwa moja kwenye bati hilo, mapanga yake yakipita milimita chache tu kutoka kwenye kizuizi. Hewa inalazimika kujipenyeza, inajikunjakunja, na kila mkunjo ni kelele. Fundi anayejua huchukua mkasi wa bati, akaondoa wavu wote huo, akasawazisha ukingo kwa tupa, kisha akafunga mahali pake kizuizi cha nyaya nyembamba za mviringo cha kulinda vidole. Feni ileile, kasi ileile, na tofauti unaisikia hapohapo.

Ubaya wa kizuizi hutegemea pia kiko upande gani. Kikiwa upande hewa inakotokea, feni huvumilia. Kikiwa upande inakoingilia, mapanga yanapokea hewa iliyokwishavurugwa na noti inatokea mara moja. Kwa hiyo ukiona feni ya mbele imerudishwa ndani sentimita moja au mbili kutoka kwenye wavu wake, kwa fremu ya mbao au ya mpira, umekutana na mtu aliyesikiliza alichokuwa anakifanya.

Kwenye plaiwudi ya milimita 12 au 18 kuna jambo jingine. Tundu la feni ya milimita 120 hukatwa kwa kipenyo cha milimita 115 hivi, na mashimo ya skrubu hukaa milimita 105 kutoka moja hadi jingine. Likikatwa kwa haraka huacha meno ya msumeno, na kwa kuwa ubao ni mnene, meno hayo yanakuwa ukuta mzima wa kukwaruza hewa. Pitisha kidole. Ukingo wa upande hewa inakoingilia uwe umeviringwa kwa msasa mpaka kidole kiteleze kuingia ndani bila kukutana na kona. Ukingo uliochongwa hivyo huingiza hewa bila kuivunja, na si kila fundi seremala atakufanyia usipomwomba, kwa sababu kwake tundu lenye kona kali ndilo lililokatwa vizuri.

Baada ya kidole, washa kijiti cha udi. Kiweke mbele ya tundu la kuingizia: moshi uvutwe moja kwa moja, bila kusitasita. Kizungushe pembeni mwa fremu ya feni. Moshi ukichepuka na kurudi ulikotoka, kuna mwanya, na hewa ya moto inazunguka palepale badala ya kutoka. Feni inafanya kazi mara mbili kwa faida nusu. Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kilichokatwa kwa umbo la fremu huziba mwanya huo vizuri kuliko gundi. Malizia kwa kukipitisha kijiti kwenye maungio ya kasha zima. Moshi ukinyonywa kwenye kila ufa, maana yake feni za kutoa zimezidi nguvu zile za kuingiza, na vumbi nalo litapita humohumo.

Kuhusu ukubwa na kasi, sheria ni moja na haina huruma. Punguza kasi ya feni kwa moja ya tano: hewa inapungua kwa moja ya tano, lakini kelele inashuka kwa takribani desibeli 5. Ipunguze kwa nusu, kelele inashuka kama desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 kuwa ni karibu nusu ya sauti. Upande wa pili wa hesabu, kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza kunaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili za nusu kasi zinasukuma hewa ileile ya feni moja ya kasi kamili, kwa kelele pungufu ya desibeli 12 hivi. Ndiyo maana pangaboi la darini hupoza sebule nzima huku watu wakizungumza chini yake kwa sauti za kawaida, na kifeni cha mezani kinawalazimisha kupayuka. Ukiona kasha limejazwa feni za milimita 80 wakati lina nafasi ya 120 au 140, weka alama ya kuuliza. Ukikuta feni za milimita 40 zilizong'olewa kwenye seva za mtumba, ondoka. Hizo ziliundwa kwa vyumba ambavyo hakai mtu.

Usibabaishwe na desibeli zilizoandikwa kwenye boksi la feni. Vipimo hivyo huchukuliwa feni ikiwa peke yake mahali pa kimya, bila kasha, bila wavu, bila chujio. Kipimo chenye maana zaidi unaweza kukichukua mwenyewe kwa macho: inua feni kwenye mwanga na utazame mwanya kati ya ncha za mapanga na fremu. Hewa hupenda kurudi nyuma kupitia mwanya huo, na inaporudi inapiga kelele na kuipunguzia feni nguvu. Kampuni ya Noctua ya Austria, ilipotoa feni yake ya NF-A12x25 mwaka 2018, iliufanya mwanya huo kuwa nusu milimita, ikatumia plastiki ngumu isiyotanuka kirahisi ili mapanga yasije yakagusa fremu baada ya muda. Bei yake si ya kila mtu, wala sidai kila mtu ainunue. Lakini hata kwenye feni ya bei nafuu, mwanya ulio sawa pande zote ni dalili njema, na ule unaobana huku na kuachia kule ni dalili ya mhimili uliopinda.

Beringi nizipitie haraka. Zungusha kwa kidole: feni izunguke kwa ulaini na kusimama polepole, bila kukwaruza. Kisha iwashe ikiwa imesimama wima, halafu ilaze chali. Beringi ya bei rahisi, ile ya mkono wa shaba na mafuta kidogo, hubadili sauti ikilazwa, na juu ya kasha haitadumu.

Mtetemo ndio unaowakamata wengi. Bonyeza ubavu wa kasha kwa kiganja mashine ikiwa inafanya kazi. Sauti ikipungua, basi hiyo haikuwa ya feni. Ilikuwa ya ubavu, na feni inautumia kama ngozi ya ngoma. Dawa yake ni kuitenganisha feni na ubao kwa washa za mpira au vishikizo vya silikoni. Hapa kuna ujanja wa kukagua: mafundi wengi huweka washa za mpira halafu wakapitisha skrubu ya chuma katikati, ikagusa fremu upande huu na bati upande ule. Mpira upo, mtetemo unapita kwenye chuma. Wengine hukaza mpaka mpira unakuwa bapa na mgumu kama ubao. Mpira uliofungwa vizuri bado unaweza kuuminya kwa kucha, na feni ukiisukuma kwa kidole inacheza kidogo. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika nayo huvuma kwa hezi 120, na fundi mwenye subira huining'iniza kwa lastiki ndani ya fremu yake isiguse kitu.

Juu ya vifaa, mimi napendelea ubao. MDF ya milimita 18 ni nzito na ukiigonga haitoi mlio. Bati jembamba hulia kama sufuria. Ila MDF na unyevu wa pwani haviivi. Kingo zake zisipopakwa rangi au vanishi zitavimba, na mlango uliofunga vizuri Januari utakuwa na pengo baada ya masika. Plaiwudi huvumilia zaidi. Kwa kasha la ubao hakikisha waya wa ethi umefika kwenye chuma cha pawasaplai, na usikubali mtu akuambie ameifungua pawasaplai ili abadilishe feni yake kama si fundi wa umeme. Kapasita zake hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Na sponji? Wengi hufungua kasha wakaonyesha kwa fahari jinsi kuta zote zilivyobandikwa sponji. Sponji ya sentimita moja hunyonya milio myembamba, na kuizuia isitoke ni jambo jema. Mvumo wa hezi 140 inaupitisha kama vile haipo. Nikiona sponji nyingi kwenye kasha lenye tundu bovu, najua mtu amefukia tatizo. Nikiiona sponji kidogo mahali pachache, nasogea karibu zaidi.

Utulivu wa mashine iliyokaa bure si kitu. Ipe kazi nzito, kwa mfano kubadilisha video ndefu kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, na ukae nayo nusu saa. Hewa inayohitajika hukadiriwa hivi: zidisha wati kwa 3, gawanya kwa digrii unazokubali hewa ipande. Mashine ya wati 200 inayoruhusiwa kupandisha joto kwa digrii 10 inahitaji mita za ujazo 60 kwa saa. Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba kikiwa na digrii 32, hewa ya ndani itafika 42, na prosesa inapoozwa kwa hewa hiyo. Kasha hilohilo Njombe mwezi wa Julai, watu wakiwa na makoti, litakuwa kimya hata kama ni bovu. Usimsifu fundi kwa ajili ya hali ya hewa.

Katika nusu saa hiyo sikiliza namna feni zinavyopanda. Feni za pini 4 huongozwa kwa mapigo ya umeme ya hezi 25,000, juu ya kile sikio linachoweza kusikia. Kidhibiti cha bei chee chenye mapigo ya chini hutoa mlio wake mwenyewe. Kasi ipande polepole na ichelewe kushuka. Feni inayopanda na kushuka kila unapofungua ukurasa humchosha mtu kuliko ile inayovuma zaidi bila kubadilika, na kwenye mipangilio ya BIOS hilo hurekebishwa bila senti moja.

Kilichobaki ni vumbi. Chujio litoke bila bisibisi. Likihitaji bisibisi halitasafishwa. Liwe pana kuliko feni, ili hewa ipite ndani yake kwa mwendo wa taratibu. Mwombe mwenyewe alitoe ulione kabla hajalikung'uta. Vumbi likiwa limetanda sawasawa, hewa inapita kote. Likiwa limechora duara la ukubwa wa feni na pembe zote zimebaki safi, chujio limekaa karibu mno na mapanga, na linatakiwa lisogezwe mbele sentimita mbili.