Fundi Anayesubiri Popo Watoke

Uingereza ilipoanzisha Mpango wa Karanga wa Tanganyika mwaka 1947, Nachingwea iliwekwa kundi moja na Kongwa na Urambo: pori lifyekwe, karanga zilimwe, mafuta yapelekwe kwa watu waliotoka vitani wakiwa na njaa ya mafuta. Karanga hazikutoka kama walivyotarajia. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na miaka ya 1960 hata reli iliyokuja kutoka Mtwara ikang'olewa. Yaliyobaki ni majengo. Ukijumlisha nyumba za misheni, maduka ya zamani, shule na nyumba za watumishi zilizojengwa baadaye, Nachingwea na jirani yake Ruangwa zina mapaa mengi ya bati yenye umri wa mtu mzima, na chini ya mabati hayo kuna dari ya mbao au silingibodi. Katikati ni giza na joto. Hapo ndipo popo wanapokaa, na kuwatoa bila kuwaua, bila kuvunja sheria na bila kumletea mwenye nyumba ugonjwa ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Popo wa darini si wale wakubwa wanaovuruga maembe na mabibo usiku. Wale wa matunda hulala zaidi mitini. Hawa ni wadogo, gramu 10 hadi 30, wala wadudu, na mara nyingi ni wa jamii ambayo mkia wake umechomoza nje ya utando. Bati likipata jua la mchana na joto la darini kupita nyuzi 40, wao wametulia tu. Mwili wao ni bapa, hupita kwenye upenyo wa unene wa kidole. Chakula chao ni mbawakawa, nondo na wadudu wanaofyonza mimea. Kule Eswatini watafiti wamewafuatilia wakiwinda juu ya mashamba ya miwa. Mbu nao huwala, lakini siwaungi mkono wanaomsifu popo kana kwamba ni dawa ya malaria. Chandarua kibaki palepale kitandani. Kumtetea popo kwa sifa isiyo yake ni kumharibia, maana siku mwenye nyumba atakapoumwa na mbu chini ya dari yenye popo mia mbili, hatamwamini tena mtetezi.

Na mwenye nyumba anayelalamika ana haki. Harufu ya mkojo wao inashika nguo kabatini. Dari inapata madoa ya kahawia, inalegea kwa uzito wa kinyesi, na kelele zinaanza kila magharibi. Fundi mwema hamwambii azoee.

Fundi niliyemtazama akifanya kazi hii Nachingwea ni fundi bati, mzee mwenye sauti ya chini. Ngazi aliiacha imelala. Mchana alizunguka nyumba polepole, uso ameuinua, akitafuta alama: utando wa mafuta ya kahawia kwenye ukingo wa tundu, pale miili inaposuguana kila siku, na vinyesi vilivyonasa ukutani chini yake. Aliokota kimoja kwa kijiti, akakiweka juu ya tofali na kukiponda. Kikasagika kikawa unga, na ndani ya unga vikang'aa vipande vya mbawa za wadudu. "Huyu ni popo," alisema. "Cha panya kingekuwa kigumu, na hakina hivi vinavyomeremeta."

Jambo hilo dogo lina uzito wake Ruangwa. Julai 2022 wilaya hiyo ilipatwa na ugonjwa uliotia watu hofu: homa, kichwa, damu kutoka puani, mtu anaanguka. Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ni leptospirosi, yaani homa ya mgunda, wagonjwa walikuwa wamefika 20 na watatu walikuwa wamefariki. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, na panya ndiye anayetajwa kwanza. Dari moja inaweza kuwa na popo na panya pamoja. Fundi asiyeweza kusoma kinyesi atamfukuza mmoja na kumwacha mwingine akikojoa juu ya chakula cha watoto.

Jioni aliomba viti viwili. Kimoja akakiweka mbele ya nyumba, cha pili nyuma, akampa kijana wake. Kuanzia saa kumi na mbili wakakaa kimya, kila mmoja na karatasi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni macho. Popo wa kwanza alitokea chini ya kofia ya paa, kwenye kona ya magharibi. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kisha kwa mkupuo. Wengine walitokea pale migongo ya bati inapokaa juu ya ukuta, ambapo kila mgongo huacha pango dogo ambalo mjenzi hakulijaza. Wengine walipita nyuma ya fishabodi iliyopinda kwa jua. Kila tundu lilipata alama na hesabu yake. Mwenye nyumba alikuwa akiamini popo wote wanapita kwenye tundu moja kubwa lililo juu ya mlango, na kwa miaka alikuwa akiliziba kwa matambara. Usiku ule hakutoka hata popo mmoja pale.

Aliporudi kesho yake jioni kuhesabu tena, nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba popo mwenye wasiwasi hatoki siku aliyoona watu, na hesabu ya siku moja ni ya kubahatisha.

Watu wengi hawana subira hiyo, na dawa iko karibu. Katika nyumba nyingi za Nachingwea kuna salfa iliyobaki ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, na bomba la kupulizia liko stoo. Kishawishi cha kupanda darini na kumaliza kazi kwa nusu saa ni kikubwa. Viuatilifu nchini Tanzania husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2020, na kila dawa ina kazi iliyosajiliwa; salfa ya mikorosho si ya kumwagwa juu ya vichwa vya watu waliolala. Kuhusu mnyama mwenyewe, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haikumwachia mtu awaue au awakamate wanyamapori apendavyo. Fundi huyu humtuma mwenye nyumba kwanza kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, akaeleze shida na njia itakayotumika. Kumfungulia popo njia ya kutoka na kumfungia ya kurudi hakumwagi damu, na maelezo yake ofisini ni mafupi.

Kuua hakufai hata ukiweka sheria pembeni. Uganda walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua homa ya Marburg, na baadaye popo wa matunda waliokuwa wakiishi mgodini wakaangamizwa. Popo wengine wakarudi kuujaza mgodi, na watafiti walipowapima mwaka 2012 walikuta virusi kwa asilimia 13.3 yao, wakati kabla ya mauaji ilikuwa asilimia 5.1. Mwaka huohuo Marburg ikalipuka kwa watu katika eneo hilohilo la Ibanda. Popo wa darini si wale wa mgodini, lakini kanuni ya nafasi tupu ni ileile: ukiua na kuacha tundu wazi, umeandaa makao ya wengine.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi fundi huyu anavyoijua kalenda. Popo hawa huzaa zaidi wakati wa mvua, kila mama mtoto mmoja, na mtoto hukaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Ukifunga njia wakati huo, mama anabaki nje akihangaika na watoto wanafia darini. Harufu yake utaishi nayo miezi. Kwa hiyo yeye anapanga kazi zake katikati ya kiangazi, Juni hadi Septemba, na hata hapo hupanda kwanza na tochi kuhakikisha hakuna watoto wasio na manyoya waliong'ang'ania kenchi. Shida ni kwamba pesa za korosho huja mwisho wa mwaka, mvua zikiwa zinaanza, na ndipo kila mtu anapokumbuka kukarabati nyumba. Wateja wanamfuata Desemba na noti mkononi, naye anawarudisha. Anawaambia waitumie pesa ya ufuta, ile ya minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ya katikati ya mwaka, maana hiyo ndiyo inayokuja popo wakiwa hawana watoto. Kukataa kazi iliyolipiwa ili kuwangoja watoto wa popo wakue mabawa ni uadilifu ambao sijauona kwa wakandarasi wengi wakubwa.

Siku ya kazi yenyewe alianza na penyo ambazo popo hawazitumii. Hizo alizijaza kabisa, kubwa kwa waya na saruji, ndogo kwa vibanzi vya mbao, ili wakifungiwa mlango mmoja wasihamie wa pili. Matundu makuu matatu akayaachia wavu. Ni wavu wa madirisha wa plastiki, wenye vitundu vidogo ili kucha na mabawa yasinase. Aliupigilia juu ya tundu na ubavuni mwake kwa vibanzi na misumari midogo, akauachanisha kidogo na ukuta, chini akauacha wazi ukining'inia kiasi cha nusu mita. Popo akitoka anateremka ndani ya wavu akishika ukuta, anafika chini, anajiachia na kupaa. Akirudi alfajiri analifuata tundu lake, anatua juu ya wavu palepale anapolisikia kwa harufu, na hapati njia. Hajui kwamba mlango uko nusu mita chini. Ufundi wote uko kwenye kuelewa jambo hilo moja kuhusu akili ya mnyama, na fundi alilieleza huku akivuta pembe ya wavu mara tatu, nne, mpaka mkunjo ukaisha, kwa sababu mkunjo ni mtego.

Usiku wa pili popo mmoja alianguka barazani. Mama mwenye nyumba akadhani amekufa, akainama na kanga mkononi.

"Usimguse, mama."

"Si amekufa, fundi?"

"Mzima huyu. Mabawa yake membamba, hawezi kupaa kutoka chini."

Akavaa glavu nene, akamfunika kwa kopo, akapitisha kipande cha boksi chini yake, akambeba hadi juu ya ukuta wa uzio. Popo akatambaa mpaka ukingoni, akajidondosha, akaondoka. Glavu hizo si mapambo. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi aliparuzwa na popo Tsavo Magharibi, Kenya, akafariki kwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa. Matukio ya namna hiyo ni machache sana, lakini aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Nyavu zilikaa wiki nzima, hadi jioni mbili zilipopita bila popo kutoka. Ndipo nyavu zikashushwa na matundu yakazibwa. Kinyesi kikafuata, na hapo fundi alikuwa mkali kwa kijana wake: barakoa nzuri puani, na hakuna kufagia kikavu. Katika kinyesi cha popo huweza kuota kuvu ambao vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu. Wakanyunyizia maji taratibu mpaka kikalowa, wakakizoa kwa koleo fupi na kukitia kwenye mifuko, kisha wakabadilisha silingibodi zilizooza. Mifuko ilifukiwa shimoni nyuma ya bustani, ioze kwanza kabla ya kwenda kwenye mchicha.

Saruji aliyoiweka chini ya migongo ya bati aliiacha na ufa mwembamba alioujaza kwa mpira laini, kwa kuwa bati la Nachingwea hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na saruji tupu ingeachia ndani ya miezi michache. Malipo alichukua kwa awamu mbili. Ya pili, kwa masharti yake mwenyewe, ni mpaka arudi mvua za kwanza zikishanyesha, akae tena kwenye kiti jioni na kuangalia kila kona.