Nusu ya Sita na Mabano Yasiyoandikwa
Mwanafunzi wa Kakamega akiandikiwa ubaoni 12 ÷ ½ ya 6, anajua pa kuanzia. Amefunzwa BODMAS, na katika shule za Kenya herufi O (of) husimamia hiyo "ya": nusu ya 6 ni 3, kisha 12 ÷ 3, jibu 4. Mwenzake wa Tanzania aliyekariri MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, hana "ya" katika orodha yake. Akiihesabu kuwa kuzidisha tu, atagawanya kwanza apate 24, kisha azidishe kwa 6 apate 144. Hakuna aliyekosea hesabu, ila majibu yamepishana mara 36.

Kwa maoni yangu, "ya" hii ni mabano yasiyoandikwa. Anayetaja nusu ya sita anataja kiasi kimoja, na kiasi hicho ndicho kigawanyo: 12 ÷ (½ × 6). Kwa hiyo mwalimu anayeitanguliza ana sababu nzuri, lakini asipoitaja sababu hiyo, mtoto hubaki na herufi tupu, na herufi zina hatari zake. Mpe 10 − 3 + 2. Kwa kuwa A ya kujumlisha hutangulia S ya kutoa, atajumlisha 3 na 2, kisha aandike 5. Jibu ni 9, kwa maana kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia.

Watetezi watasema kanuni ni moja nchini kote, na maswali ya aina hii katika mtihani wa KCSE kwa kawaida hukataza kikokotoo, basi utata uko wapi? Ndani ya chumba cha mtihani haupo, nakubali. Unaanza mlangoni. Mwanafunzi huyohuyo akifika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kuandika 12/0.5*6 katika lugha ya kompyuta ya Python, atapewa 144.0, kwa kuwa lugha hiyo haijui "ya". Hata vikokotoo vya kampuni moja vimewahi kutofautiana: TI-82 ilisoma 1/2X kuwa 1 kugawanywa kwa 2X, TI-83 ikasoma nusu mara X. Kiwango cha kimataifa cha ISO 80000-2 kinataka alama ÷ isitumike kabisa.

Kuifuta alama hiyo katika shule za msingi ni kupita kiasi. Inatosha kuandika 12 ÷ (½ ya 6). Atakayelalamika kwamba mabano yanarahisisha swali aangalie kilichobaki: mtoto bado atatafuta nusu, bado atagawanya, na akikosa, mwalimu atajua amekosea kugawanya, wala si kwamba alisahau herufi.