Ufundi wa Kumchekesha Mtoto

Huko Burat, kabla jua la Isiolo halijawa kali, nyanya mmoja ameketi chini ya mgunga, mjukuu wa miezi minne amelazwa mapajani akimtazama. Vifaa vyake ni leso, shanga za shingoni na uso wake mwenyewe.

Haanzi kwa kelele. Anazitikisa shanga taratibu mpaka macho ya mtoto yatulie, kisha anaziacha ili yapande yenyewe hadi usoni pake. Mtoto akigeuza kichwa, hamwiti. Ubongo mchanga huchoka upesi, naye anaupa nafasi. Mtoto akirudi, nyanya anajifunika leso, anatulia, anaifunua. Mara ya kwanza mtoto anashangaa tu. Anarudia, anarudia tena, na sasa mtoto anaungojea uso kabla haujatokea.

Tabasamu linaanza. Amri inatoka kwenye kina cha ubongo, panapozaliwa hisia, inashuka hadi shina la ubongo na kupita katika neva ya saba mpaka usoni. Msuli wa shavu unavuta pembe za mdomo. Msuli unaozunguka jicho unakaza. Duchenne, tabibu wa Ufaransa, aliandika mwaka 1862 kwamba huu wa jicho hautii kirahisi amri ya mtu. Tabasamu la kujilazimisha mbele ya kamera lina njia nyingine, inayoanzia kwenye gamba la ubongo. Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi aliyepooza upande mmoja wa uso huweza kushindwa kutabasamu akiombwa na daktari, halafu mdomo huohuo ukapanda pande zote mbili akichekeshwa na mwenziwe. Kwangu hili ni ajabu kubwa: furaha ina njia yake yenyewe.

Nyanya anachelewesha leso kidogo zaidi ya mazoea. Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Inapofunuka, kiwambo na misuli ya mbavu inasukuma hewa kwa vipigo vifupi, nyuzi za sauti zinatetema, na kicheko kinatoka. Naye anacheka, mtoto anazidi. Mwanasayansi Robert Provine alikuta kwamba watu hucheka karibu mara 30 zaidi wakiwa pamoja kuliko wakiwa peke yao.

Kope za mtoto zikilegea, nyanya anaacha.

Watoto wengi huanza kuwatabasamia watu kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mtoto akifikisha miezi 3 bila kumtabasamia mtu, mpelekeni kliniki akaangaliwe.