Mto Kongo katika Shairi la Mgeni

Profesa wa ushairi wa Kimarekani ana kazi gani Kisangani? Chuo kikuu kilichoanzishwa hapa na Waprotestanti mwaka 1963 hufunza madaktari na wataalamu wa viumbe vya msituni, na faida yao haihitaji mtetezi. Ya profesa huyu inahitaji, nami naitetea hivi: mto unaopita mbele ya mji huu umetungiwa mashairi na Wamarekani waliokuwa hawajauona, na hakuna mahali panapofaa kuyapima kama ukingoni mwake. Mwaka 1914 Vachel Lindsay alichapisha "The Congo", shairi la kughaniwa kwa kishindo cha ngoma, lenye maagizo ya sauti pembeni. Mwaka 1921 Langston Hughes, kijana ambaye hakuwa amekanyaga Afrika, aliutaja Kongo sambamba na Frati, Nile na Mississippi.

Ni rahisi kumtupa Lindsay kwa washenzi wake wa kubuni na kumkumbatia Hughes. Ufundi wa profesa ni kuichelewesha hukumu hiyo. Ataonyesha kwamba Lindsay huyohuyo alimtia Mfalme Leopold wa Ubelgiji motoni, na kwamba humo ndimo mwandishi Adam Hochschild alimopata jina la kitabu chake cha 1998 juu ya mfalme huyo. Atakumbusha kuwa mwaka 1925 Hughes, akiwa mkusanya vyombo hotelini Washington, alimwekea Lindsay mashairi yake mwenyewe mezani, naye akayasoma hadharani. Kisha atamgeukia Hughes mwenyewe, ambaye Kongo yake humbembeleza mtu alale. Aliyekulia karibu na maporomoko ya Wagenia, ambako maji hunguruma usiku kucha, ana haki ya kuuliza utulivu ule ulitoka wapi. Swali hilo halimshushi Hughes. Linaonyesha alihitaji mto wa namna gani, na kwa nini.

Watasema vitabu ni haba. Kweli, lakini shairi la Hughes linaenea ubaoni. Zito zaidi ni pingamizi kwamba saa za somo hili apewe Clémentine Faïk-Nzuji, mshairi wa Kongo. Kama ni lazima kuchagua mmoja, apewe yeye, bila ubishi. Ila kumwacha Lindsay bila msomaji wa hapa ni kuiachia ngoma yake neno la mwisho juu yetu. Silabusi ningeipanga hivi: Faïk-Nzuji kwanza, kisha Lindsay, kisha Hughes, ili mwanafunzi aifikie ngoma ya kubuni sikio lake likiwa limeshanolewa nyumbani.