Kishikio chekundu: kukliki peke yake hakutoshi

Leo siandiki juu ya CV wala juu ya kutafuta kazi. Naandika juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiita mchezo tu: simuleta ya ndege. Sana sana ile sehemu ya kukliki. Unafungua chumba cha rubani kwenye kioo cha mashini, unaona swichi na vishikio, unapeleka kishale, unakliki, kinaitika. Watu wakitaka kusifia simuleta wanasema: "Kila kitu kinakliki!" Mimi nasema hiyo bado si sifa. Ukikliki, nini inafuata?

Mfano iko hapa kwetu. Kiwanja cha Kavumu, ambacho ndani ya simuleta unakitafuta kwa herufi FZMA, kiko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Chukua Cessna 172 ya kabureta, ile ndege ndogo ambayo FlightGear inakupa bure. Ina kishikio chekundu cha kupima mchanganyiko wa mafuta na hewa. Ukikiacha kimesukumwa mpaka mwisho, kama vile uko Mombasa kando ya bahari, mafuta yanazidi hewa na injini inapoteza nguvu. Kitabu cha ndege kinaagiza: kwenye kiwanja kinachopita futi 3,000, kabla ya kuruka fungua gazi yote, kisha vuta kishikio polepole mpaka mzunguko wa injini ufike kilele. Kwenye ndege ya kweli unaweza kukizungusha kwa vidole, kidogo kidogo.

Sasa, kuna ndege moja niliyoipakua, jina sitataja. Kishikio chake kilipendeza macho: rangi, kivuli, hata mikwaruzo. Lakini hatua ya kliki moja ilikuwa kubwa mno. Kabla ya kukliki, mafuta mengi. Baada ya kukliki, injini imezimika. Jioni nzima nilikaa Kavumu nikiwasha na kuzimikiwa, mpaka betri ya laptopu ikaisha, juu umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Nikajilaumu: sijui kurusha. Kumbe kosa lilikuwa la hatua. Anayepima kishikio hicho usawa wa bahari hawezi kuona shida, maana kule hakuna haja ya kukivuta kabla ya kuruka.

Kosa la pili ni kufikiri kila mtu ana kipanya chenye gurudumu. Wengi wetu tuna laptopu ya mitumba na kibao chake cha kugusa, basi. Kitufe kinachozunguka kwa gurudumu peke yake, kwetu ni picha ya ukutani. Mbunifu mwema anaacha milango mingi: gurudumu, kuburuta, na kibodi.

Tena hii si mambo ya starehe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17 za Marekani walikuwa wanachanganya kishikio cha magurudumu na kile cha flapu za mabawa, juu vilikaa karibu na kufanana. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akashauri kimoja kiwe na umbo la gurudumu, kingine la bawa. Mkono ukajua bila kusaidiwa na macho. Kipanya kinatunyang'anya mkono huo. Njo maana kila kishikio cha simuleta kina deni: kiyape macho na masikio kile ambacho kidole kimekosa. X-Plane inageuza kishale kuwa mshale wa kuonyesha upande wa kuzungusha. FlightGear inatoa maandishi madogo yanayosema kishikio kimefika wapi. Hayo si mapambo, ni kulipa deni.

Lakini alama ya juu naipa FlightGear kwa sababu ingine. Vishikio vya ndege zake vimeelezwa ndani ya faili za XML, maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kusoma. Nilifungua faili ya ile ndege yangu, nikatafuta namba ya hatua, nikaipunguza mara kumi. Nikawasha tena. Nikavuta: mzunguko ukapanda, ukafika kilele, ukaanza kushuka, nikarudisha kidogo. Dakika chache baadaye nilikuwa juu ya ziwa Kivu. Sikuomba ruhusa kwa mtu.

Sisi tumezoea kupokea vitu vilivyopimwa kwingine, na vikitushinda tunajiona wajinga. Siku ingine kabla ya kusema "sijui", uliza kwanza: hatua hii ilipimwa wapi, na kwa mkono wa nani? Faili ikiwa wazi, ifungue. Na wewe, ni kishikio gani kilikushinda ukajilaumu bure? Andika hapa chini.